Kulifuata gunia la mkaa mpaka kwenye kisiki: Kilosa, Mikumi na Kitulangalo

Safari hii ni ya mwezi wa kumi 2024, nimechelewa kuiandika kwa sababu picha zilikuwa kwenye simu mbili na noti nyingine zilikuwa kwenye daftari la mdogo wangu, sasa nimekaa nazo zote nimezipanga kwa siku. Wengi wakisikia mtu kaenda Mikumi wanategemea simba na twiga, humu wapo kidogo sana. Mi nilikuwa nafuata miti. Nilitaka nijue gunia la mkaa linaloshushwa mtaani kwetu Tabata, Dar es Salaam, linatokea wapi, na pale lilipotoka kumebaki nini.

Kwa ambao hawajawahi kuiona miombo kwa karibu, ni ule msitu wa miti inayopukutisha majani kiangazi, ukipita mwezi wa nane unaona kijivu tupu unadhani umekufa. Halafu mwezi wa tisa mwishoni, mvua bado kabisa, ardhi imekauka inapasuka, miti inaanza kutoa majani mapya, na yanaanza yakiwa mekundu, ya rangi ya shaba, mengine ya pinki, ndiyo baadaye yanakuwa kijani. Kwa hiyo kama unapanga kwenda, nenda mwezi wa kumi. Joto ni kali lakini hakuna wakati mwingine utaiona hivyo.

Alhamisi: Dar – Kilosa

Chukua treni ya umeme ya kawaida, ile inayosimama stesheni zote, ya haraka haikushushi Kilosa. Nauli ilikuwa sh 18,000 kwa kichwa, tulikata tiketi mtandaoni mapema, na uwe na kitambulisho mkononi maana bila hicho hupandi. Fika stesheni mapema sana, foleni ya ukaguzi wa mizigo ni ndefu.

Nilisafiri na mdogo wangu ambaye alisoma misitu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, na kwa kweli ndiye aliyenifanya nitumie macho vizuri. Ukitoka mjini unaona vilima vya Pugu na mabaki ya msitu wake, halafu Soga, Ruvu, ni vichaka na miti myembamba tu iliyosongamana, hamna mti wa kukumbatia. Akaniambia kuna utafiti ulichapishwa 2010 uliofuatilia ukataji kuanzia Dar kwenda nje, wakakuta kati ya 1991 na 2005 ukingo wa uchomaji mkaa ulisogea kutoka kama kilomita 20 nje ya jiji mpaka kama kilomita 50, na ukingo wa mbao za thamani ukaenda mbali zaidi mpaka kupita kilomita 220. Yaani kwanza mninga na mkongo zinaondoka, mbao za daraja la chini zinafuata, mwisho ndiyo mkaa unakuja kuchukua kilichobaki. Na ni miaka hiyohiyo ambayo Dar yenyewe ilikuwa inahamia kwenye mkaa, mwaka 2001 nyumba zilizotumia mkaa zilikuwa asilimia 47, kufika 2007 ni asilimia 71, hizo ni takwimu za Benki ya Dunia. Nikawa naviangalia vile vichaka vya Ruvu na kuwaza kwamba tunapita kwa dakika chache sehemu ambayo watu wameikata kwa miaka.

Baada ya Morogoro ni mbuga ya Mkata, nyasi na mikwaju, nilisinzia. Hata saa tatu hazikuisha tukawa Kilosa.

Bodaboda stesheni mpaka mjini sh 3,000. Gesti tulilala ya sh 20,000, feni, neti nzima, maji ya ndoo. Chakula cha jioni kwa mama lishe karibu na stendi, ugali, mlenda na dagaa wa kukaanga sh 2,500, na yeye mwenyewe anapikia mkaa, nikamuuliza anaununua wapi akaniambia "huku kwetu mkaa unakuja mlangoni, dada, ninyi wa Dar ndiyo mnautafuta."

Kwa watakaofuata: kabla ya kwenda kijijini pitia halmashauri, uonane na afisa misitu, ueleze unachoenda kufanya, upewe barua. Sisi tulifanya hivyo mchana uleule na ilituchukua kama saa moja. Bila barua vijijini hawakufukuzi ila wanakuwa na wasiwasi, na wana haki, maana wanaokuja na magari kuulizia miti mara nyingi wanakuja kuikata.

Ijumaa: Kilosa – Ulaya

Kosta ya kwenda upande wa Ulaya (ni jina la kata hukohuko Kilosa, siyo Ulaya ya ng'ambo) tuliambiwa inaondoka saa 2 asubuhi. Iliondoka saa 4 na dakika 40 baada ya kujaa mpaka mlangoni, nauli sh 5,000. Barabara ni vumbi jekundu, kona na madaraja membamba, na pembeni mashamba ya katani ya zamani yaliyogeuka vichaka. Katikati ya njia tairi likapasuka. La akiba nalo halikuwa na upepo.

Tulikaa chini ya mkwaju saa nzima na zaidi, na hapo ndipo safari ilianza kuwa nzuri. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka kliniki na mjukuu wake alifungua kifurushi chake cha mihogo ya kuchemsha akawa anagawa kwa kila aliyekaa karibu, nikamwamkia, "shikamoo bibi," akajibu "marahaba mwanangu, kula, njaa ya njiani haina mwenyewe." Dereva wa fuso iliyobeba mahindi akasimama bila kupungiwa, akateremka na jeki yake na pampu, akafanya kazi na konda mpaka mwisho, na alipopewa hela ya soda akakataa akasema kesho ni zamu yake kukwama. Simu yangu ilikuwa imebakiza chaji kidogo, kijana mmoja akaniazima powabenki mpaka tulipofika. Watu wa namna hii hawaandikwi kwenye ramani ya njia lakini ndio wanaokufikisha.

Upande wa Ulaya kuna vijiji kama Ulaya Mbuyuni, Kisanga na Ihombwe ambavyo mwaka 2012 viliingia kwenye mradi wa mkaa endelevu, uliokuwa unaendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na mtandao wa wanajamii wa MJUMITA, kwa fedha za Uswisi. Mradi wenyewe umeshaisha, nilichotaka ni kuona waliobaki wanafanyaje. Kijiji tulichofikia sitakitaja kwa sababu watu walizungumza nasi kwa uhuru.

Ofisini tulisaini kitabu cha wageni, mtendaji akasoma barua mara mbili, akamwita mzee wa kamati ya maliasili. Hakuna gesti pale, tulilala kwa mzee huyo, mkewe akatutandikia chumba cha watoto. Usiku tulikula wali na maharage, na mama akanieleza kuhusu uyoga. Mvua za kwanza zikishanyesha, anasema, wanawake wanaingia msituni alfajiri, wanarudi na ndoo, wengine wanauza barabarani, na ule uyoga wenyewe unaota chini ya miombo tu, ukienda shambani huupati. Mdogo wangu akasema ndivyo ilivyo, mizizi ya miombo na uyoga wa aina ile wanaishi kwa kutegemeana, uyoga unausaidia mti kufyonza madini kwenye ardhi masikini, mti unaupa uyoga sukari. Mama akasema, "sasa si ndiyo maana ng'ambo ya mto haupo tena." Akatuambia tutapaona Jumapili.

Jumamosi: ndani ya msitu wa kijiji

Tulitoka saa 12 asubuhi kabla ya jua, mimi, mdogo wangu, mzee na vijana wawili wa doria. Kama unaenda huko vaa nguo za rangi ya khaki au kijani iliyofifia, acha nyeusi na bluu nyumbani kabisa, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanang'ata mpaka juu ya jinzi. Beba maji lita tatu kwa mtu. Viatu vya kufunika.

Kutembea saa moja na nusu ndiyo unaingia kwenye eneo la mkaa. Kijiji kiligawa msitu wake kwa ramani, sehemu kubwa haiguswi, na kwa mkaa kilitenga kipande kidogo, mpango wa vijiji vile ulikuwa isizidi kama asilimia 10 ya msitu. Hicho kipande nacho kimekatwa vitalu vya mita 50 kwa mita 50, halafu hawakati vitalu vinavyopakana, wanaruka, kitalu kimoja kinakatwa, cha jirani kinaachwa, ukiangalia kwenye ramani ni ubao wa drafti. Mzunguko ni miaka 24, kwamba ukikata hapa leo hurudi mpaka ipite miaka 24. Kandokando ya vijito hawakati, kwenye miteremko mikali hawakati, mti wenye kiota hawakati, na miti ya mbao kama mninga na mpingo haichomwi mkaa.

Nilikuwa nimejiandaa kuona uharibifu. Kitalu cha kwanza kilikatwa msimu uliopita na ndiyo, ukifika ghafla moyo unashtuka, ni mwanga mkali, visiki, matawi makavu. Halafu mzee akaniita nichuchumae kwenye kisiki kimoja cha myombo. Urefu wake kama goti, kimekatwa mshazari ili maji yasikae juu, na kuzunguka gome lote, pale mbao inapokutana na ngozi ya mti, yametoka machipukizi, nikahesabu kumi na nne, mengine marefu kama mkono wangu, majani yake laini yanateleza kwenye kidole na mekundu kama yale ya miti mikubwa. Mzee akasema haya baadaye yanapunguzwa, yanabaki mawili au matatu yenye nguvu. Kitalu cha pili kilichokatwa miaka kama kumi nyuma, huwezi kuamini, miti imenipita urefu mara mbili, kivuli kimerudi, na mizinga ya nyuki imetundikwa.

Mdogo wangu akaeleza sababu na hapa naomba niiandike vizuri kwa sababu ndiyo kiini cha safari yote. Mti wa miombo ukikatwa juu, chini haujafa. Mizizi ni mikubwa, ina akiba, kwa hiyo chipukizi la kisiki linakimbia haraka kuliko mche wa mbegu. Mche wa mbegu unateseka, unaota, kiangazi au moto unaukausha juu, unaota tena, miaka mingi unajenga mzizi tu huku juu huoni kitu. Na mbegu zenyewe haziendi mbali. Tulikuwa tumekaa tunakula mihogo ya mama tukawa tunasikia juu kama vijiti vinavunjika, pa! pa!, ni maganda ya mbegu ya miombo yanapasuka kwa joto, yanajisokota na kurusha mbegu zake mita chache tu, zikienda sana ni mita ishirini hivi. Haziliwi na ndege zikapelekwa kijiji cha pili, na zikikaa ardhini muda mrefu bila mvua haziwi kitu. Kwa hiyo ukifyeka eneo kubwa na kung'oa visiki, hakuna wa kuurudisha msitu. Ukikata kipande cha mita 50 na pembeni yake umeacha miti mikubwa na visiki viko hai, unarudi wenyewe bila mtu kupanda hata mche mmoja.

Mchana tukafika kwenye tanuri linalochomwa. Mchoma mkaa ni baba wa makamo, ana leseni ya kijiji. Alituonesha alivyopanga, chini kalaza fito ili hewa ipite, juu magogo yaliyokaushwa kwanza wiki kadhaa, mazito katikati, madogo yakiziba nafasi, halafu majani, halafu udongo, na upande mmoja bomba la moshi la bati. Tanuri la kienyeji la kawaida halina bomba, na linakula kuni kilo 5 mpaka 10 kutoa kilo moja ya mkaa. Kazi yenyewe ni kusoma moshi. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka kwenye mti. Ukianza kuwa mwembamba wa bluu, sehemu hiyo imeiva, funga haraka kwa udongo. Usiku anaamka mara kwa mara kulizunguka, maana ufa mmoja ukiachwa hewa inaingia na asubuhi unakuta jivu. Mikono yake ina makovu mpaka kwenye viwiko. Kila gunia analotoa linalipiwa ushuru wa kijiji, na mtendaji alitutembeza jioni kuona hela ilipokwenda, madarasa mawili, vyoo vya shule, na nyumba ya mganga wa zahanati ambayo imebakiza milango.

Nilimuuliza mtendaji kama hakuna wanaochoma usiku bila leseni. Alisema wapo, wanatoka hata vijiji vingine, na doria ya vijana wale wawili kwa posho ndogo haiwezi kufunika msitu wote. Hakuficha.

Jumapili: ng'ambo ya mto

Asubuhi wenyeji walienda kanisani, sisi tukapumzika, saa nane mzee akatuvusha.

Huku hakuna msitu wa kijiji uliopimwa, ni ardhi ya kila mtu aliyewahi. Miaka michache nyuma kulikuwa miombo kama ile ya jana. Sasa ni mashamba ya ufuta na mahindi mpaka macho yanapoishia, mengine yameachwa, yameota nyasi na vichaka vya miiba. Ufuta una bei, wanunuzi wanakuja na pesa taslimu, na udongo wa msitu mpya uliochanganyika na jivu unazaa vizuri misimu miwili mitatu ya kwanza. Ukichoka unafyeka mbele. Nilimkuta mama mmoja na wanawe wawili wakichimbua kisiki kwa sururu, wameshalizungushia moto shina siku nzima, na nilipomuuliza kwa nini asikiache akanijibu kwa upole kabisa, kisiki kinachipua, kinamnyima ufuta mwanga, na jembe la kukodi likigonga kisiki linavunjika analipa yeye. Ana watoto watano. Hakuna alichosema ambacho nilikuwa na jibu lake.

Halafu moto. Tulikuwa tunaona moshi pande tatu. Wanaita moto kichaa, wengine wanachoma shamba unawatoroka, wengine wanachoma ili nyasi changa ziote kwa ajili ya ng'ombe, wengine wanawinda panya na ndezi. Moto wa mwezi wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita chini chini na miti inavumilia. Huu wa mwezi wa kumi kila kitu kimekauka, unawaka kwa hasira, na unaunguza machipukizi palepale yanapotoka. Tulipita kwenye kipande kilichoungua wiki hiyo, visiki vina machipukizi yaliyokauka meusi. Mzee akasema kisiki kikiunguzwa mwaka mmoja kitajaribu tena, kikiunguzwa kila mwaka kinachoka kinaoza.

Mi nilitoka Dar nikiamini shoka ndilo linalomaliza misitu. Baada ya hizi siku mbili siamini hivyo tena kirahisi. Shoka likifuatwa na jembe na moto wa kila mwaka, hapo umekwisha. Shoka likifuatwa na miaka ya kuachwa, unarudi. Kwa hiyo swali la kuuliza siyo tu nani anakata, ni ardhi hii inakuwa ya nani na ya nini baada ya kukatwa. Tathmini ya taifa ya misitu iliyotolewa 2015 inasema Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi kavu yote, na sehemu kubwa ni mapori ya aina hii ya miombo. Eneo kubwa liko kwenye ardhi za vijiji, na kijiji ambacho hakijapima msitu wake kinaupoteza kwa yeyote anayewahi na sururu.

Usiku tuliongea sana na mzee. Nilimwambia kuhusu mkakati wa nishati safi wa kupikia uliozinduliwa mwezi wa tano 2024, kwamba lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi kubwa kama shule zimeshaambiwa ziache kuni na mkaa. Akafurahi kwa ajili ya wapishi na macho yao. Kisha akauliza, "mkishaacha wote, huu msitu tutaulinda kwa hela ipi?" Maana sasa hivi kwenye mkutano wa kijiji akisimama mtu kutaka eneo ligawiwe kwa ufuta, anajibiwa kwamba msitu unalipa zahanati. Siku mkaa ukikosa bei, hiyo hoja haipo. Mi naunga mkono gesi, moshi wa jikoni nimeuvuta tangu mdogo, ila naona swali lake ni la haki na sijasikia linajadiliwa. Asali ipo, mbao za mninga na mpingo zipo kwa vijiji vyenye kibali, lakini hela yake haifiki haraka kama ya mkaa.

Jumatatu: Ulaya – Mikumi

Mama alitufungia mihogo na karanga, akakataa kabisa hela ya kulala, mwisho tulimwachia sukari na sabuni tulizonunua dukani kwa jirani. Kwa watakaofuata, fanya hivyo, nunua vitu, usimpe mtu noti mkononi mbele ya wageni wake, na ofisini lipa mchango wa kijiji upewe stakabadhi.

Kosta haikutokea siku hiyo. Tulipanda bodaboda mbili mpaka Mikumi mjini, sh 20,000 kila moja baada ya kuomba sana, vumbi mpaka kwenye meno.

Mikumi mji ni malori. Yanatoka Zambia, Kongo, Mbeya, yanalala hapo. Tulikula chipsi mayai, tukaoga, tukalala saa mbili usiku. Pembeni ya barabara kabla hujaingia mjini yamepangwa magunia ya mkaa, vichwa vyake vimejazwa kupita kimo cha gunia na kushonewa kwa kamba za gome la miti, hiyo ndiyo lumbesa, kimo cha juu kinakaribia nusu ya gunia. Bei tuliyoambiwa ni sh 28,000, likifika Tabata tunalinunua mara tatu yake.

Jumanne: Mikumi – Kitulangalo – Dar

Basi la Morogoro sh 8,000. Barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, na hifadhi ipo tangu 1964. Kaa dirishani. Tuliona twiga, pundamilia, tembo watatu kwa mbali, swala wengi. Matuta na alama za faini ya kugonga wanyama zipo kila mahali, dereva wetu alipunguza mwendo vizuri, lakini nilihesabu mizoga miwili ya wanyama wadogo pembeni ya lami. Na ukitazama vilima upande wa hifadhi, miombo ni minene, mikubwa, mekundu kwa majani mapya mwezi huu, hutamani basi lifike.

Morogoro tulibadilisha gari, tukashuka Kitulangalo, kama kilomita 50 kuelekea Dar. Msitu wa hapa sehemu yake unatumiwa na SUA kwa mafunzo, ndiyo mdogo wangu alifanyia mazoezi, na ruhusa aliiomba chuoni mapema kwa hiyo tulipokelewa. Ukienda bila ruhusa usiingie.

Ndani kuna miti iliyopigwa mistari ya rangi usawa wa kifua, wanafunzi na walimu wanarudi kuipima unene ileile miaka na miaka, wengine walianza kabla mdogo wangu hajaenda hata darasa la kwanza. Tulitembea mpaka kwenye mpaka wa hifadhi na ardhi ya kijiji, na hapo huhitaji kipimo. Huku upande wa chuo unatembea kivulini, kuna myombo ya kukumbatia, kwenye kisiki cha zamani kumeota vigogo viwili vimenyooka. Upande wa pili vichaka, vigogo vyembamba kama kifundo cha mkono, vingine vimeshakatwa mara ya pili na ya tatu kabla havijanenepa. Haijafa, inachipua. Ila inakatwa ikiwa bado mtoto, kwa sababu barabara kuu iko hapo na gari la kubeba linapita kila dakika.

Kijana anayeuza magunia pembeni ya lami alituambia zamani baba yake alichomea nyuma ya nyumba. Yeye anaenda na pikipiki saa moja na nusu ndani, anapakia gunia tatu, anarudi. Nikamuuliza kule anakokata ni ardhi ya nani. Akafikiri. "Ya kijiji, nadhani. Haijapimwa." Nikamuuliza wakiipima na kumpa kitalu chake cha kurudi nacho kila baada ya miaka, atakubali kusubiri? Akasema atakubali kama na jirani yake atasubiri.

Hapo ndipo kazi ilipo kwa maoni yangu, na ni kazi ya mikutano ya kijiji, ramani na mihtasari, haina picha nzuri. Anayetoka kwenye kijiji chenye msitu usiopimwa, aende kwa afisa misitu wa wilaya aulizie msitu wa hifadhi wa kijiji, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kabisa kijiji kutenga, kujiwekea sheria ndogo na kukusanya ushuru wake.

Kitulangalo mpaka Dar tulipata basi lililojaa, sh 7,000, tumesimama mpaka Chalinze. Tumefika Mbezi saa mbili usiku.

Gharama kwa mtu mmoja, nauli zote, kulala, kula, boda na mchango wa kijiji, imekuja kama sh 150,000, bila bando. Mwenye swali la barua, ruhusa ya chuo au namba ya gesti ya Kilosa aniandikie, nitamjibu. Picha za visiki nimeziweka zote pamoja na tarehe za kukatwa walizonitajia, na mzee wa kamati ameniomba nirudi mwezi wa kumi mwingine nivipige tena vilevile.